Kuzuia ulevi kwa vijana: njia tano za kupima kama mradi wako umefanya kazi

Katika kikao kimoja cha kata huku Temeke, kikundi cha vijana kilisoma ripoti ya mradi wao wa kuzuia pombe na dawa za kulevya kwa wanafunzi. Shule 3, mabonanza 2, fulana, vipeperushi, wanafunzi 600 na ushee. Mama mmoja, mjumbe wa shina, akanyoosha mkono. "Wanangu, kazi mmefanya, hongereni sana. Sasa niambieni, hao watoto wamepunguza kunywa au tuko palepale?" Hakuna aliyejibu. Ripoti ile nilisaidia kuiandika mimi, na ndani yake hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumjibu yule mama.

Nawaandikia wale waliokaa tulipokaa siku ile: kikundi cha vijana, mwalimu wa malezi na unasihi, kamati ya mtaa, shirika dogo lenye mfadhili mmoja. Kupima mnataka, ila mmekwama kwenye njia. Njia ziko nyingi; mimi nitazungumzia tano nilizoziona zikitumika hapa Dar es Salaam au zinazoweza kutumika. Ukiuliza ipi ni bora nitakuuliza kwanza: jibu ukishalipata, utaamua nini? Kuendelea na mradi? Kuurekebisha? Kuupeleka shule nyingine 20? Kila uamuzi una njia yake.

Mizani

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: inajibu swali gani, inataka nini kwa muda, watu na fedha, majibu yake yanaaminika kiasi gani, inakuruhusu kudai nini mbele ya watu, na inamfaa nani.

Kabla ya kuanza, kumbuka ugumu wa kazi yenyewe. Matunda ya kazi ya kuzuia ni jambo ambalo halikutokea. Mtoto ambaye hakuonja gongo huwezi kumpiga picha. Tena ulevi ni siri, na bangi ni kosa la jinai, kwa hiyo unamwomba mtoto akuandikie kitu kinachoweza kumponza. Na zaidi ya yote, watoto wanakua. Kati ya darasa la saba na kidato cha nne wengi huanza kujaribu, uwepo mradi usiwepo. Hilo la mwisho limewapoteza wengi.

1. Dodoso kabla na baada

Inajibu nini. Kundi hili limebadilika tangu tulipoanza?

Inataka nini. Karatasi, nauli, ruhusa ya halmashauri na ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi, na vipindi viwili vya darasa. Ukitaka kuufanya utafiti wa afya wa kuchapishwa, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinahitajika pia. Panga tarehe kwa akili: ukiingia kidato cha pili mwezi Oktoba au Novemba utakuta shule nzima iko kwenye upimaji wa taifa, na hakuna mwalimu atakayekupa dakika 40.

Majibu yanaaminika? Yanategemea unavyouliza. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu madodoso mengi huharibikia kwenye maneno. Ukimwuliza kijana wa Mbagala kama ametumia "dawa za kulevya", anachofikiria ni unga (heroini), kete na mateja wa kituo cha daladala. Bangi kwake ni bangi, kuberi ni kuberi, shisha ni starehe. Basi taja kila kitu kwa jina lake: bia, pombe kali, gongo, mbege, bangi, mirungi, kuberi, ugoro, shisha, gundi, unga. Uliza kwa vipindi vitatu vilivyo wazi: maishani, miezi 12 iliyopita, siku 30 zilizopita. Neno "mara kwa mara" liache. Kila mtu ana mara zake.

Jina lisiandikwe. Ili uweze kuoanisha karatasi ya kwanza na ya pili, mtoto ajitengenezee namba ya siri kwa vitu asivyosahau: herufi ya kwanza ya jina la mama, tarehe ya siku aliyozaliwa, idadi ya kaka zake wakubwa. Mwalimu atoke nje, na karatasi ziingie kwenye bahasha iliyofungwa mbele ya wanafunzi. Utafiti mkubwa wa shule za Ulaya, ESPAD, uliwahi kuweka kwenye orodha dawa ya kubuni iitwayo Relevin. Anayesema ameitumia ujue anatia chumvi, na wewe unapata kipimo cha chumvi iliyomo kwenye majibu yote. Buni jina lako, la kufanana na Kiswahili cha mtaani, na hakikisha kwanza kwamba mtaani halipo.

Kwa watu wazima, mathalani madereva wa bodaboda kwenye kijiwe, hakuna haja ya kubuni maswali ya pombe. Kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani kina maswali 10, alama 0 hadi 40, na kuanzia 8 huhesabiwa kuwa unywaji wenye hatari. Kimeshatafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa hapa nchini.

Unaweza kudai nini. Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mwezi Februari wanafunzi 6 kati ya 100 walikunywa katika siku 30 zilizopita, na Februari inayofuata ni 9. Mradi umeshindwa? Huenda bila mradi wangekuwa 14. Au tuseme wamebaki 6, nawe ukashangilia. Huenda polisi walifunga kilabu cha pombe cha jirani mwezi Mei. Ukiwa na kundi moja peke yake huwezi kutenganisha. Mbaya zaidi ni wale wanaopima ujuzi tu. Baada ya semina watoto wote wanajua madhara ya pombe kwenye ini, alama zinapanda kutoka 40 hadi 85, ripoti inang'aa. Kujua si kuacha. Walevi wengi ninaowafahamu wanajua habari za ini vizuri sana.

Inamfaa nani. Mwenye mradi mfupi na lengo dogo, anayetaka kujua hali ya shule ikoje kabla hajaamua afundishe nini. Kwa kazi hiyo dodoso la kwanza lina thamani kubwa kuliko la pili.

2. Kulinganisha na kundi lisilo na mradi

Inajibu nini. Mabadiliko haya yameletwa na mradi, au yangekuja yenyewe?

Njia hii naipenda, na sababu yangu ni kisa cha zamani. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts huko Marekani, wavulana walipangwa jozi jozi wakifanana umri, familia na mtaa; jozi 253 ndizo zilizobaki kwenye utafiti. Kwa kila jozi sarafu ilirushwa: mmoja aingie kwenye mpango wa malezi, mwingine asiingie. Walioingia walipata mshauri wa kuwatembelea nyumbani, msaada wa masomo, matibabu, kambi za likizo. Mpango uliendelea hadi 1945. Miaka 30 baadaye Joan McCord aliwatafuta, wakiwa watu wazima. Takriban theluthi mbili ya waliojibu walisema mpango uliwasaidia. Lakini walipolinganishwa na wenzao walioachwa, walioingia kwenye mpango ndio waliokuwa na dalili zaidi za ulevi, na waliokufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Matokeo yalichapishwa 1978.

Kisa hicho hakinitoki kichwani. Watu wema, kazi ya upendo, shukrani za kweli, na bado madhara. Bila ile sarafu hakuna ambaye angejua.

Mifano ya karibuni ipo. Mpango wa D.A.R.E., ulioanza Los Angeles mwaka 1983 kwa polisi kufundisha madarasani, ulienea Marekani nzima; tafiti zilipokusanywa pamoja mwaka 1994, athari yake kwa matumizi ya dawa ilikuwa ndogo mno. Brazili ilichukua mpango wa Ulaya uitwao Unplugged, ikaurekebisha na kuuingiza kwenye shule za serikali. Watafiti walipopanga shule kwa kura, walikuta watoto wa shule zenye mpango ndio walioelekea zaidi kuanza kunywa pombe. Kitu kilichofanya vizuri Ulaya si lazima kifanye vizuri Tandika, na dodoso la kabla na baada lisingelionyesha hilo.

Inataka nini. Shule nyingi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukigawa shule nzima nzima, kinachohesabika zaidi ni idadi ya shule. Wanafunzi 400 wa shule mbili bado ni shule mbili. Halafu kuna hesabu ya ukubwa. Kama bila mradi wanakunywa 10 kati ya 100, na unatumaini kuwashusha hadi 5, unahitaji takriban wanafunzi 430 kila upande ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Ukitumaini kuwashusha hadi 8 tu, unahitaji zaidi ya 3,000 kila upande. Hapo hujaongeza idadi inayodaiwa na ugawaji wa shule kwa shule. Kikundi chenye shule 4 kisijitese.

Wengi huniuliza kama ni haki kuwanyima wengine. Kama fedha zako zinatosha shule 10 mwaka huu na 10 mwaka ujao, wapo watakaosubiri kwa vyovyote. Piga kura ya vikaratasi mbele ya wakuu wa shule: hizi zianze, zile zifuate. Waliosubiri ndio kundi lako la kulinganisha, na hakuna aliyenyimwa. Naona kura hiyo ina haki kuliko utaratibu wetu wa kawaida, ambapo shule iliyo karibu na lami hupata kila kitu.

Majibu yanaaminika? Ugonjwa wa dodoso haujaondoka, ila unaziumiza pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo tofauti kati yake inabaki na maana. Jihadhari na kuchanganyika: watoto wa shule mbili za Mburahati wanapanda daladala moja na wanakaa nyumba moja. Chagua shule za kata zilizoachana.

Unaweza kudai nini. Kwa kura iliyopigwa vizuri na shule za kutosha, unaweza kusimama mbele ya yule mama ukamjibu. Kwa shule jirani uliyojichagulia mwenyewe bila kura, sema "inaonekana", kisha eleza shule hizo zinatofautiana wapi.

Inamfaa nani. Shirika lenye miaka mitatu mbele yake, na hasa yeyote anayetaka mradi wake uingizwe kwenye shule zote za manispaa. Huyo ana deni la kuthibitisha kwanza kwamba hauumizi.

3. Kufuatilia utekelezaji

Inajibu nini. Tulichoahidi kimefanyika kweli? Inataka daftari, mtu wa kukaa nyuma ya darasa mara chache bila taarifa, na uaminifu. Nimewahi kuona mradi wa masomo 12 ambao shule moja ilifundisha 5, kwa sababu vipindi vilichukuliwa na maandalizi ya mitihani. Shule nyingine ilifundisha yote, lakini kwa kuyasoma ubaoni, wakati somo lilitaka watoto waigize namna ya kumkatalia rafiki anayewashawishi. Ripoti ilisema "masomo 12, shule 2".

Majibu yanaaminika ukiyaona mwenyewe. Fomu anayojaza mwalimu huku akijua posho inafuata haiaminiki sana. Kudai kwamba ulevi umepungua huwezi. Unachoweza kudai ni kwamba kazi ilifanyika, kwa nani, na kwa ubora gani. Inamfaa kila mtu aliye kwenye mwaka wa kwanza. Kwa maoni yangu, asiyeweza hii asiguse ya pili, maana atapima matokeo ya kitu ambacho hakikutokea.

4. Mazungumzo ya kina

Inajibu nini. Kwa nini, na kwa vipi. Kwa nini wasichana waliacha kuja klabuni baada ya wiki ya tatu? Pombe inaingiaje shuleni? Dodoso halitakuambia kwamba chupa ya maji inayopita kwa mkono wakati wa mapumziko haina maji.

Inataka nini. Watu wachache wenye masikio, muda mwingi, mahali pa faragha. Fedha si nyingi. Kundi la watu 6 hadi 8, wa jinsia moja na umri unaokaribiana, latosha. Anayeuliza asiwe yule aliyefundisha. Hakuna mtoto wa Kitanzania aliyelelewa vizuri atakayemwambia mwalimu wake, usoni, kwamba somo lake halikufaa. Adabu yetu hapo ni kikwazo cha kipimo. Mtafute dada au kaka mgeni, akae nao mkekani, aanze na habari za mtaa kabla ya habari zao wenyewe: "Vijana wa hapa huwa wanakutania wapi?"

Majibu yanaaminika kwa kueleza, si kwa kuhesabu. Na walioacha mradi watafutwe hasa, kwa sababu waliobaki ndio waliopenda.

Unaweza kudai nini. Sababu na njia. Shukrani za watu 8 usizigeuze kuwa ushahidi wa matokeo. Kumbuka wale wanaume wa Massachusetts.

Inamfaa nani. Anayetaka kurekebisha mradi unaoendelea, na anayeshangaa namba zake.

5. Kupima mtaa wenyewe

Inajibu nini. Pombe inapatikana kirahisi vilevile? Njia hii inasahaulika kwa kuwa tumezoea kuamini tatizo liko kichwani mwa mtoto. Kumbuka viroba. Pakiti ile ya plastiki ya pombe kali iliingia mfuko wa kaptula ya shule na iliuzwa kwa bei ya mtoto. Serikali ilipoipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, haikumfundisha mtoto yeyote kitu; ilibadilisha kilichoko dukani. Mradi wa kamati ya mtaa unaweza kulenga hapohapo.

Inataka nini. Ramani ya mkono ya grosari, baa, vilabu na maduka kuzunguka shule, na ununuzi wa majaribio. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18. Mtafute kijana aliyekwisha timiza 18 lakini uso bado wa kitoto, aende na mtu mzima anayemsubiri karibu, aombe kununua, mwandike kama aliulizwa umri. Rudieni baada ya miezi sita, maduka yaleyale, saa zilezile. Majina ya wauzaji yasipelekwe polisi kutokana na zoezi hili. Mkifanya hivyo mara moja, hamtapata ukweli tena, na kijana wenu hatakuwa salama.

Majibu yanaaminika kuliko dodoso, kwa sababu mmeona wenyewe. Biashara ya unga haipimwi hivi. Msimtume mtu yeyote huko.

Unaweza kudai nini. Kwamba upatikanaji umebadilika. Kwamba unywaji umepungua ni hatua nyingine. Iceland mara nyingi hutolewa mfano: vijana wa miaka 15 na 16 waliosema walilewa katika siku 30 zilizopita walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016, baada ya wazazi, michezo na masharti ya saa za kutembea usiku kuunganishwa. Ni habari ya kutia moyo. Lakini ni nchi nzima bila kundi la kulinganisha, na miaka hiyohiyo unywaji wa vijana ulipungua pia katika nchi nyingine za Ulaya.

Inamfaa nani. Mwenyekiti wa mtaa, kamati yake, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Wao wana nguvu juu ya duka ambayo mwalimu hana.

Kwa hali yako

Kikundi cha vijana, mwaka wa kwanza, fedha kiduchu: chukueni ya tatu na ya nne. Mwandikieni mfadhili bila woga kwamba mwaka huu mnapima ubora wa kazi, matokeo yatafuata. Wafadhili wengine hupokea hilo vizuri kuliko tunavyowaogopa.

Mfadhili amesisitiza namba za kabla na baada: fanya ya kwanza, lakini ongeza japo shule moja au mbili za kulinganisha, na uandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza kile ambacho namba haziwezi kusema.

Mwalimu wa malezi mwenye klabu moja: dodoso moja la siri mwanzoni mwa mwaka ili ujue uanzie wapi, kisha mazungumzo kila muhula. Dodoso la pili halitakuongezea kitu.

Shirika lenye shule 20 na zaidi: kura ya zamu, pamoja na ufuatiliaji wa utekelezaji. Fuatilieni kwa mwaka mzima angalau baada ya somo la mwisho, kwani ahadi za wiki ya kwanza hupoa.

Mtaa wenye grosari tano kuzunguka lango la shule: anza na ya tano kabla hujalipia semina yoyote.

Na kama mnaofanya nao kazi tayari wako kwenye unga na arosto (mateso ya kuukosa) inawashika, hiyo si kazi ya kuzuia tena na hakuna kipimo kati ya hivi kinachowafaa. Wanahitaji matibabu: kliniki ya methadoni (dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini) ya Muhimbili ilifunguliwa 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke.

Njia yoyote utakayochagua, usichapishe dodoso kabla hujajua mtoto ataelekezwa wapi. Mwaka mmoja, katika rundo la karatasi zisizo na majina, nilikuta moja imeandikwa chini kwa penseli: baba ananituma kununua, na mimi naonja njiani, nifanyeje. Sikuwa na njia ya kumpata. Tangu hapo kila dodoso langu lina ukurasa wa mwisho wa kuchana na kuondoka nao: jina la mwalimu wa malezi, ofisi ya ustawi wa jamii ya kata, na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Wote wanachana, hata wasiohitaji, ili anayehitaji asijulikane.